Kwa nini pombe kali hupasua chupa, na kwa nini nyingine hugoma kutoa povu

Mwezi wa kumi Tabora mvua bado haijaanza, vumbi linaingia hadi ndani ya makabati, na mchana joto hufika nyuzi 32. Mwaka ule nilikuwa na chupa 24 za pombe ya kimea cha mtama na asali, nimezipanga kwenye stoo ya nyumbani, Isevya. Nilikuwa nimezifunga mwezi wa saba, wakati ambao usiku huku kwetu mtu anatafuta blanketi. Dumu lilikaa kimya wiki nzima. Hakukuwa na povu wala mapovu kwenye mpira wa kutolea gesi. Nikasema imeisha. Nikaongeza sukari kidogo ya kuleta gesi, nikapiga vizibo.

Chupa ya kwanza ilipasuka saa nane mchana, tukiwa tunakula. Nilipofungua mlango wa stoo nilikuta shingo ya chupa nzima, kizibo kimeikamata vilevile kama nilivyokibana, ila mwili wote wa chupa haupo. Kipande kimoja cha kioo kilikuwa kimezama kwenye gunia la mahindi kwa urefu wa kidole. Dakika tano kabla ya hapo mtoto alikuwa ametumwa humo ndani kuchukua chumvi.

Jioni alikuja mama mkubwa, ambaye amekuwa akitengeneza wanzuki, pombe ya asali, kule Ng'ambo tangu mimi sijazaliwa. Nikafungua chupa moja taratibu, nimeifunika gunia lililolowa, akaonja.

“Hii ilikuwa bado inakula, mwanangu,” akasema. “Umeifungia mlango ikiwa bado iko mezani.”

Maneno yale ndiyo yaliyonifungua macho. Wengi wetu tunaotengeneza pombe kali nyumbani, yaani ya kuchacha tu ila yenye alkoholi nyingi, siyo gongo, tunachanganya mambo matatu: kuchacha, kukomaa na kupata gesi. Na chanzo cha mkanganyiko wote ni kudhani kwamba pombe iliyotulia ndiyo pombe iliyomaliza.

Kuchanganya huko kuna sababu yake, wala si uzembe. Pombe yetu ya mtama au ulezi hunywewa ikiwa hai. Hutolewa mtungini siku ya pili au ya tatu, chachu ikiwa bado kazini, povu likipanda juu ya kata, na baada ya hapo huzidi uchachu hadi isinyweke. Gesi ndani yake ni dalili kwamba ni mpya. Hakuna mtu aliyewahi kuifungia kwenye kioo akaiweka miezi minane, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutenganisha kuchacha na gesi. Vilikuwa kitu kimoja. Hata wanasayansi waliikuta ikiwa hai hivyohivyo. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alipata aina mpya ya chachu ndani ya pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akaipa jina Schizosaccharomyces pombe. Chachu ya mikate huzaliana kwa kuchipua. Hii hujigawa katikati, vipande viwili sawa. Leo inafugwa kwenye maabara za dunia nzima, na Mwingereza Paul Nurse, aliyeitumia kuchunguza jinsi chembe hai zinavyojigawa, alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2001. Kila nikiliona neno letu kwenye maandishi ya wataalamu wale, nafurahi.

Turudi stoo. Chachu ikila sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo hugeuka alkoholi na karibu nusu hugeuka gesi ya kabonidayoksaidi. Gramu 1 ya sukari, nusu gramu ya gesi. Ukiishika namba hiyo moja, mengine yote utayakokotoa mwenyewe.

Bia ya kawaida ya dukani ina takribani gramu 5 za gesi kwa kila lita. Kiasi hicho si kidogo: chupa kama hiyo ikikaa kwenye chumba cha nyuzi 25, mgandamizo ndani yake unakaribia ule wa tairi la gari dogo. Shampeni ina takribani gramu 12 kwa lita, ndiyo maana chupa yake ni nzito, kioo chake kinene, kitako kimeingia ndani, na kizibo kimefungwa kwa waya. Sisi tunaokota chupa za bia, tunaziosha, tunazitumia mara ya nne na ya tano zikiwa na mikwaruzo, halafu tunazidai kazi ya shampeni.

Sasa hesabu ya chupa zangu. Haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, husoma 1.000 kwenye maji matupu, na husoma juu zaidi kadiri sukari inavyozidi. Pombe yangu ilianza 1.090. Siku ya kuifunga ilisoma 1.024. Kiasi fulani cha pombe hiyohiyo nilikuwa nimeiacha jikoni kwenye chupa isiyobanwa, na nilipoipima baada ya ile ajali ilikuwa imeteremka hadi 1.014 na kukaa hapo. Kila pointi moja ikishuka, yaani kutoka 1.024 hadi 1.023, huzaa karibu gramu 1 ya gesi kwa lita. Pointi 10, gramu 10. Sukari niliyoongeza, gramu 6 kwa lita, ilileta gramu 3 nyingine. Gesi iliyokuwamo tangu mwanzo, gramu moja na nusu hivi. Jumla ni 14 na nusu. Nilikuwa nimetengeneza kitu kinachoipita shampeni, ndani ya kioo cha bia, kwenye joto la Oktoba.

Saba zilipasuka. Zilizobaki nilizifungua moja moja baada ya kuzipoza kwa barafu, nimevaa koti nene na miwani ya fundi wa kuchomelea. Baadaye nilisoma kwamba watu waliofanya kazi kwenye maghala ya shampeni kule Ufaransa walikuwa wakivaa vinyago vya chuma kwa sababu hiyohiyo, kwani chupa moja ikipasuka huamsha ya pili, na ya pili huamsha ya tatu. Nafuu ilikuja miaka ya 1830, mfamasia mmoja wa mji wa Châlons, Jean-Baptiste François, alipowaonyesha namna ya kupima sukari iliyobaki kwenye mvinyo kabla ya kuongeza nyingine. Kabla ya hapo walikuwa wakibahatisha, kama mimi.

Kwa nini basi pombe hukaa kimya ilhali haijashiba? Baridi ni sababu ya kwanza: usiku wa Julai chachu hujikunja na kuzama chini, na ikirudishwa kwenye joto huamka. Sababu ya pili ni alkoholi yenyewe. Pombe ikipita asilimia 8 au 9, chachu inaogelea ndani ya sumu iliyoizalisha kwa mikono yake, ngozi yake inalegea, inakula polepole mno kiasi kwamba huoni povu. Sababu ya tatu inawahusu zaidi watu wa Tabora, kwa kuwa asali tunayo: asali ni sukari nyingi lakini ina naitrojeni kidogo sana, na chachu bila naitrojeni ni kama mkulima mwenye shamba kubwa asiye na jembe. Kimea husaidia hapo. Anayetumia asali tupu ataona kuchacha kunavutika kwa majuma, kunasimama, kisha kunaanza tena bila hodi.

Dawa ya kubahatisha ni vipimo viwili. Kwanza, soma haidromita mara tatu ndani ya majuma mawili. Namba isisogee hata pointi moja. Tikisa sampuli kwanza mpaka gesi itoke, maana mapovu yakishika kijiti hukiinua. Na haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma kwenye nyuzi 20; pombe ikiwa na nyuzi 30 hukudanganya kwa pointi mbili au tatu kwenda chini.

Kipimo cha pili ndicho ninachokithamini zaidi, ingawa wengi hawakifanyi. Chota nusu lita ya pombe, itie kwenye chupa safi, ongeza chachu kwa ukarimu kupita kawaida, funika bila kubana, weka mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 30, na uitikise kila unapopita. Baada ya siku tano hadi saba pima. Pale itakapoishia ndipo mwisho wa kweli wa pombe yako ulipo. Sampuli ikifika 1.014 na dumu bado linasoma 1.024, dumu halijamaliza hata likinyamaza mwezi mzima. Hamishia dumu kwenye joto, lisukesuke kidogo kuamsha chachu iliyolala chini, subiri. Zikilingana, endelea. Sampuli hiyo usiinywe; imwage.

Hapo ndipo kukomaza kunapoanza. Kukomaza ni kazi ya pombe iliyokwisha kuchacha.

Mwezi wa kwanza na wa pili chachu iliyobaki inafanya usafi. Kuna harufu ya siagi na harufu ya tunda bichi ambazo chachu huziacha nyuma ikiwa na haraka, kisha huzirudia na kuzila. Ukiitenga pombe na chachu mapema mno, harufu hizo unazihifadhi. Ndiyo maana nasubiri majuma matatu baada ya kuchacha kwisha kabla ya kuihamishia pombe kwenye chombo kingine kwa mpira, nikiacha machicha chini.

Baada ya hapo kazi ni ya kikemia zaidi. Ukali unaokwaruza hupungua, ladha ya asali na ya kimea huungana hadi huwezi kusema hii inaanzia wapi na ile inaishia wapi. Hewa kidogo mno inayopenya huleta ladha inayofanana na zabibu kavu, na kwenye pombe kali hiyo ni neema. Kwenye pombe nyepesi hewa hiyohiyo huleta ladha ya boksi lililoloa. Waingereza waliijua tofauti hiyo zamani, ndiyo maana bia zao za kulaza kwenye mapipa kwa mwaka au zaidi zilikuwa zile kali.

Kuna jambo ambalo kukomaza hakuliwezi, na hapa watu hudanganyana sana. Pombe iliyochacha kwenye joto kali siku zake za kwanza huwa na alkoholi nzito zinazochoma koo na kugonga kichwa asubuhi. Miezi sita haizifuti. Inazipunguza makali kidogo tu. Anayetaka pombe laini aanze kuipoza siku nne za mwanzo, kwani chachu yenyewe huzalisha joto na ndani ya dumu kunaweza kuwa na nyuzi kadhaa juu ya chumba. Mimi naweka dumu ndani ya beseni la maji, nalivika gunia linalonyonya maji hayo, karibu na dirisha. Ni kanuni ileile ya mtungi wa maji ya kunywa: maji yakikauka hubeba joto. Tabora wakati wa kiangazi hewa ni kavu, kwa hiyo njia hii inafanya kazi vizuri mno. Ndugu yangu aliyeko Ujiji, kando ya ziwa, aliijaribu na hakupata nafuu kama yangu, kwani hewa ya kule ina unyevu na gunia haliwahi kukauka.

Chombo nacho kina maneno yake. Dumu la plastiki hupitisha hewa kidogo kidogo kwenye kuta zake. Kwa mwezi mmoja halina neno. Kwa miezi minane utapata siki, maana bakteria wa siki wanahitaji alkoholi na hewa tu, na vyote viwili umewapa. Kwa muda mrefu tafuta kioo au chuma kisichoshika kutu, na ujaze hadi shingoni. Kuhusu mwanga, bia zenye hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, huharibika juani, ndiyo maana chupa za kahawia. Pombe isiyo na hopsi haina tatizo hilo, ila giza halijamdhuru mtu.

Sasa miezi sita imepita, pombe imekomaa, unataka povu. Hapa kuna mtego wa pili, na unauma kwa upande mwingine. Mwaka uliofuata nilifanya yote kwa uangalifu: nikapima, nikalaza, nikaongeza sukari kwa mizani, nikafunga. Baada ya wiki sita nikafungua. Hakukutoka hata mlio. Pombe tamu vilevile kama nilivyoifunga, na tuli kama maji ya mtungini. Sukari ilikuwapo, walaji hawakuwapo. Baada ya miezi sita ndani ya asilimia 10 ya alkoholi, chachu nyingi imekufa, iliyobaki hai imezama chini na kuachwa kwenye machicha wakati wa kuhamisha pombe, na ile michache iliyopita haina nguvu.

Kwa hiyo pombe kali iliyokomaa inahitaji chachu mpya siku ya kufungwa. Gramu 2 hadi 4 za chachu kavu zinatosha lita 20. Chachu ya mvinyo ndiyo bora, kwa sababu mbili: inavumilia alkoholi, na haijui kula sehemu kubwa ya sukari nzito za kimea, kwa hiyo itakula sukari uliyoipa wewe bila kufukua nyingine. Hamira ya mandazi inaweza kufanya kazi kwenye pombe ya asilimia 7 au 8. Juu ya hapo inachoka. Ya aina yoyote, usiitupe ikiwa kavu ndani ya pombe kali. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, kisha uiongezee pombe kijiko kwa kijiko kwa muda wa saa moja. Chachu inayorushwa ghafla ndani ya alkoholi hufa kabla ya kuonja chochote.

Kiasi cha sukari sasa. Tuseme unataka gramu 4.3 za gesi kwa lita, kiwango kizuri kwa pombe nzito. Ndani ya pombe tayari kuna gesi kidogo iliyobaki tangu kuchacha. Ngapi? Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kanuni inayotuongoza: gesi huyeyuka kwenye maji kulingana na mgandamizo wake juu ya maji hayo. Ongeza na jambo ambalo kila mnywa soda analijua, kwamba kinywaji cha baridi hushika gesi kuliko cha moto. Kinachoangaliwa ni joto la juu kabisa ambalo pombe ilipitia baada ya kumaliza kuchacha, siyo joto la siku ya kufunga. Pombe iliyopita Oktoba kwenye nyuzi 28 ikafungwa Juni kwenye nyuzi 18 bado ina gesi ya nyuzi 28, kwa sababu iliyotoroka hairudi. Majedwali mengi yatakwambia nyuzi 28 zinabakiza gramu 1.35 hivi. Lakini Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa inatugandamiza kidogo kuliko watu wa pwani, kwa hiyo tuhesabu 1.2.

Basi 4.3 toa 1.2 ni 3.1. Gramu 1 ya sukari hutoa nusu gramu ya gesi, kwa hiyo karibu gramu 6 za sukari kwa lita. Dumu la lita 18, gramu 108. Ukitumia asali badala ya sukari, kumbuka karibu robo tatu na kidogo ya uzito wake ndiyo sukari. Chukua gramu 7 na nusu kwa lita. Chemsha sukari na maji kidogo, ipoe, changanya kwenye dumu zima polepole bila kulipiga, ndipo ujaze chupa. Kijiko kwa kila chupa nakikataa kabisa. Kijiko kimoja kinajaa, kingine kinapungua, na kwenye nusu lita gramu 3 zikigeuka 6 umeshaongeza gesi kwa gramu 3 kwa lita.

Katika kila mkupuo mimi hujaza chupa moja ya plastiki ya soda, naiminya kutoa hewa, nafunga. Hiyo ndiyo askari wangu. Siku ya kwanza inabonyea chini ya kidole gumba kama chapati ya moto. Wiki ya pili inaanza kusukuma. Ikigoma kubonyea, sawa na soda mpya kutoka dukani, gesi imefika. Pombe nyepesi hufika huko kwa siku kumi. Kali huchukua wiki nne, wakati mwingine nane, kwenye nyuzi 20 hadi 25. Wiki ya tatu ikiwa bado laini, ipe muda na joto; usifungue vizibo kuongeza sukari.

Ila ikigoma kubonyea na kuendelea kuvimba mwezi wa tatu, wa nne, kitako kikianza kutoka nje hadi chupa haisimami, kuna mgeni ndani. Zipo chachu zenye uwezo wa kula hata masalia ambayo chachu ya kawaida huyaacha. Mojawapo ni Brettanomyces, ambayo Mdenmarki Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg aliieleza mwaka 1904, baada ya kuitambua kwenye bia za Kiingereza zilizolazwa muda mrefu. Waingereza waliipenda ladha yake. Ndani ya chupa ya bia iliyotumika mara tano ni hatari, na mara nyingi chanzo ni mpira wa kuhamishia pombe ambao haujawahi kubadilishwa. Ukiona dalili hiyo, poza chupa zote siku hiyohiyo, zifunike, zifungue, na mpira huo uutupe.

Zilizofaulu naziweka wima kwenye makreti ya plastiki yaliyofunikwa blanketi zito, mbali na njia ya watoto, tarehe imeandikwa kwa kalamu juu ya kizibo. Siku mbili kabla ya kunywa nazihamishia kwenye friji, kwani gesi huhitaji muda kutulia ndani ya pombe. Ya saa mbili kwenye friza hutoka yote kwa mkupuo wa kwanza. Kisha namimina kwa mkono mmoja bila kusimama, glasi imeinamishwa, jicho kwenye shingo ya chupa. Ule mstari mweupe wa chachu ukianza kusogea kutoka chini, nasimamisha mkono. Kinachobaki ni kama upana wa kidole kimoja. Mama mkubwa hukiomba hicho, anakikorogea kwenye dumu lake la wanzuki la siku hiyo.